Huzuni Hainuki

Mama alikata roho saa nne asubuhi, mimi nikiwa nimemfungua kope kwa vidole viwili, natazama kama macho yamekuwa meupe. Hayakuwa meupe. Yalikuwa meusi kama siku zote. Nikageuka nikamwambia Bi Zuhura, mama mwenye nyumba, aliyekuwa amesimama mlangoni, "Bado meusi, bibi. Anapona."

Bi Zuhura alikuja akaniondoa vidole polepole, akamfumba mama macho kwa kiganja, halafu akanivuta kichwa akakificha kwenye leso yake. Nje pikapu ya baba mdogo ilikuwa inakataa kuwaka. Ikakohoa, ikanyamaza, ikakohoa tena, ikawaka, ikaondoka na kabichi zake kwenda sokoni Voi. Nilikuwa na miaka tisa. Hiyo sauti ya gari ndiyo ilinifanya nilie, kwa sababu nilidhani baba mdogo ameenda kabla ya kusikia habari njema.

Sikupanga kuyaandika haya. Mimi si mtu wa kalamu, shule niliacha darasa la sita nikaanza kulea watoto wa watu. Lakini mwezi huu binamu yangu Mwakio, mtoto wa huyo baba mdogo, amenipigia simu kutoka Werugha.

"Dada Wakesho, baba anakuita."

"Ananiitia nini?"

"Hali ni mbaya. Hospitali tumeenda, dawa anameza, hakuna kitu. Wazee wameketi. Wamesema kuna mtu wa damu ana hasira naye moyoni. Tumepita nyumba kwa nyumba, wote wametoa. Umebaki wewe."

"Kwa hivyo mmenihesabu kama mbuzi, mkaona mmoja hajarudi zizini."

"Wacha mchezo, dada. Ni maji tu mdomoni. Unatema, unasema maneno mawili, unarudi kwako."

Wale wasio wa huku kwetu, niwaelezee. Sisi Wadawida, hao mnaowaita Wataita, tuna kitu kinaitwa kutasa. Mtu akiugua na dawa zikishindwa, huulizwa ni nani katika ukoo amemwekea hasira. Hasira ya ndugu huumiza hata kama mwenye nayo amenyamaza, hata kama mwenyewe hajui anayo. Huyo huitwa, hutia maji mdomoni, zamani ilikuwa pombe ya miwa, akayatema kwa kuyanyunyiza huku akisema kwamba ameitoa, ndugu yake apone. Sidharau. Nimeona watu wakiinuka kitandani baada ya hapo. Na hasira kweli ninayo, hilo wazee hawakukosea. Mwakio nilimwambia nitafikiria. Tangu siku hiyo sifikirii kitu kingine ila kile chumba.

Kilikuwa ng'ambo ya reli, nje kidogo ya Voi, kwenye ploti ya Bi Zuhura. Vyumba vinne vya udongo vilivyopakwa chokaa, uwanja katikati, mgomba mmoja nyuma ya bafu pale maji ya kuogea yanapotokea. Bi Zuhura alikuwa mjane, watu wake wa pwani, marehemu mume wake aliletwa huku na kazi ya reli. Baba yangu alikuwa Taveta kwenye mashamba ya ndizi, tukimwona mara moja kwa miezi miwili. Aliyetuangalia ni mdogo wake, baba mdogo Mwadime, aliyekuwa akishusha mboga kutoka Werugha kwa pikapu. Siku za soko alilala kwetu. Nilimpenda. Alikuwa na harufu ya kabichi na petroli, na akicheka ungemsikia hata ukiwa stesheni.

Mama alishikwa na uchungu kabla ya wakati wake, mchana, mvua ikipiga mabati hata hatusikilizani. Bi Zuhura alinituma mbio kwa Nyange. Nyange alikuwa na duka la dawa karibu na reli na watu wote walimwita Daktari. Baadaye sana nilikuja kujua alikuwa amefagia wodi miaka mitatu huko Mombasa, huo ndio udaktari wake. Alikuja na mkoba na mwavuli. Mtoto alitoka mvulana, hakulia. Bi Zuhura alimwosha, akamzungusha kitambaa cheupe. Nyange alikuwa anatazama saa. Nilimwona kupitia pazia akivuta, akivuta kwa nguvu, mama akitoa sauti ambayo sijaisikia tena kwa mtu. Halafu akanipa beseni, zile beseni za enameli zenye maua mekundu, nyinyi wa rika langu mnazikumbuka.

"Peleka ukafukie, we msichana. Mbwa wasifukue."

Nikapeleka kondo la nyuma kwenye mgomba. Nikaweka beseni chini, nikaenda kuchukua jembe bafuni. Kurudi, mbwa wa jirani amesimama karibu, analamba pua. Nikamfukuza kwa jembe. Nilipotazama ndani ya beseni nikaona kwamba upande mmoja umechanika, kuna pengo, kama maandazi yaliyomegwa. Nikajua mbwa amekula kipande cha mtoto wetu kwa sababu ya uzembe wangu. Nikafukia haraka nikakanyaga udongo, na sikumwambia mtu. Nilipoulizwa, "Umefukia vizuri?" nikasema ndiyo. Niliogopa kupigwa. Mwogope mtoto anayeogopa kupigwa, ana siri za kuua.

Siku ya pili mama alijigeuza akatazama ukuta. Hakutaka uji. Alitetemeka jua likiwa kali, blanketi mbili juu yake, na ukimgusa mguu unaunguza. Wanawake wa ploti walikuja wakasimama na mikono kiunoni. Ndipo Bi Zuhura alipolisema lile neno.

"Ana huzuni. Mwacheni. Huzuni haina dawa ila subira."

Nyumbani tulisema Kidawida. Kiswahili changu kilikuwa cha dukani na cha kuchezea, na hilo neno sikuwa nalo. Nikamfuata jikoni kwake, alikuwa anapepea makaa.

"Bibi, huzuni ni nini?"

"Ni uzito wa moyo, mwanangu. Neno la Kiarabu hilo, limo hata ndani ya Kitabu. Nabii Yakub alipopotelewa na mwanawe Yusuf alihuzunika, akalia, akalia, mpaka macho yakawa meupe."

"Meupe kabisa?"

"Meupe. Hakuona tena."

"Na akapona?"

"Alipona, Mungu alipotaka. Haya, nipishe, moshi utakuumiza."

Hayo tu. Alikuwa anamliwaza mtoto. Mimi nikatoka jikoni na ugonjwa wenye jina, wenye dalili, wenye kipimo. Mama ana huzuni. Huzuni hufanya macho kuwa meupe. Yakiwa meupe ni hatari, yakiwa meusi ni nafuu. Kuanzia hapo kila asubuhi nikamfungua mama kope. Alikuwa akiniacha. Mara moja alijaribu kutabasamu, akasema kwa Kidawida, "Unatafuta nini humo, mama yangu?" Aliniita hivyo kwa kuwa nina jina la mama yake. Nikamwambia natazama huzuni. Akasema, "Tazama vizuri."

Nyange aliitwa siku ya tatu. Alisimama mlangoni bila kuingia, leso puani. Bi Zuhura akamwambia hali, na kwamba yeye anaona ni huzuni ya mtoto. Mngemwona vile alilidaka! Kama mtu aliyerushiwa kamba ndani ya kisima.

"Ndio hiyo. Huzuni tu. Kufiwa kunaleta joto mwilini, hata kwa vitabu vya udaktari iko. Mpatie hizi." Vidonge vya njano, kumi, ndani ya karatasi ya gazeti.

Na baada ya hapo lile neno likaanza kutembea. Mama Mutua wa chumba cha pili, Mkamba, nilimsikia akimweleza dada yake kwa Kikamba, na katikati ya Kikamba nikasikia "huzuni". Baba mdogo alipofika na mboga akapewa neno, akalipandisha Werugha kwa pikapu. Bibi, mama yake baba, aliyekuwa hajui Kiswahili cha kuombea maji, alishuka Ijumaa akalisema katikati ya Kidawida, kama jiwe kwenye mchele. Mchungaji akaja akaliombea. Kila aliyeingia alikuwa tayari amepewa jibu mlangoni, kwa hivyo hakuna aliyeuliza.

Wakati huo chumba kilikuwa kinanuka. Nitaandika wazi kwa sababu watu wazima wote walioingia mle walijifanya hawasikii. Mwanzo ilikuwa harufu ya utamu mbaya, kama embe lililoanguka likasahaulika. Kisha ikawa harufu ya panya aliyefia darini. Ilitoka kwa mama, chini ya blanketi. Nilikuwa nikimwosha miguu na kitambaa kinarudi na maji ya rangi ya kutu. Bi Zuhura alikuwa akichoma udi asubuhi na jioni. Mpaka leo nikisikia udi, hata wa harusi, natoka nje. Lakini nilikuwa mtoto, nilipewa macho ya kutazama, nikatazama macho.

"Leo je?" baba mdogo aliniuliza uani, anakaza kamba juu ya magunia.

"Meusi!"

"Basi wewe ndiye daktari wetu," akacheka, akanirushia karoti.

Siku ya tisa akafa, nikiwa nimemshika kope. Baba mdogo alirudi alasiri na mkate wa mgonjwa. Baba alifika kutoka Taveta kesho yake, hajaambiwa kitu ila kwamba mke wake ameshindwa na huzuni. Alikaa kwenye kigoda akarudia lile neno mara mbili, kama mtu anayejaribu kiatu cha mwingine. Tulimpandisha mama Werugha kuzikwa, kwenye ukungu na baridi. Alipanda kwa pikapu ya baba mdogo. Siku hiyo gari lilikuwa na nafasi.

Mimi nilijua nani amemuua. Ni Bi Zuhura. Kabla yeye hajalisema neno lake, nyumbani kwetu hakukuwa na huzuni. Ni yeye aliyelitoa huko Uarabuni kwake akatuletea. Niliwaambia watoto wa ploti, na watoto wakaamini, tukawa tunarusha mawe juu ya mabati yake wakati wa swala. Akitoka tunatazama chini tusiambukizwe. Alijua ni mimi. Hakunisemea kwa baba hata siku moja, na mkate wa mofa akipika kipande changu kilikuja, nami nikawapa kuku. Mpaka nilipohamishwa kwenda kulea watoto Mombasa, sikumsalimu.

Niliishi na ujinga huo mpaka nikazaa. Mtoto wangu wa kwanza nilimzaa hospitali, na baada ya hapo nikamwona nesi amechukua kondo la nyuma, ameliweka kwenye trei, analigeuza huku na huku chini ya taa kama mtu anayenunua kitambaa.

Nikamuuliza, "Sista, unatafuta nini?"

"Naangalia kama liko zima. Kipande kikibaki ndani, mama anaoza. Anaanza homa, anatetemeka, ananuka, wiki hazifiki mbili ashaenda."

Alisema hivyo anaandika, hata hakuniangalia. Nikalala pale na mtoto kifuani, nikaliona beseni, nikaliona lile pengo. Mbwa hakula kitu. Nyange alivuta, kikakatika, akatazama saa. Na mtu mmoja tu katika dunia aliona kwamba hakikutimia, naye alikuwa msichana wa miaka tisa mwenye jembe. Nesi aliniuliza mbona nalia, mtoto mzima hivi. Nikamwambia ni furaha.

Baadaye nilienda Ghuba kufanya kazi za nyumba, miaka sita, kama wengi wetu. Huko ndiko nilikutana na neno hilo kwa wenyewe. Mama mzee wa ile nyumba alifiwa na mwanawe barabarani, wanawake wakaja na nguo nyeusi, na katika maneno yote nisiyoyajua nikasikia moja ninalolijua. Huzn. Fupi, limekatwa mkia, lakini ni lile lile. Nilikuwa nimebeba sinia ya kahawa, karibu niiangushe. Dereva wetu, Mpakistani, nikamuuliza kwa Kiarabu changu cha jikoni, akasema hata kwao lipo, hasa kwa wenye mashairi. Kulikuwa na saluni chini ya jengo, na humo Mturuki mmoja, mwanamke mchangamfu, yeye akasema kwao ni hüzün, ni ile hali ya jioni ya mvua mtu akikumbuka kwao, akaweka mkono kifuani na kufumba macho kama anaonja kitu kitamu. Nikashangaa. Neno limezunguka kuliko mimi, limepanda majumba ya watu, limepewa chai, na kila mahali linajulikana ni la moyo. Hakuna hata mmoja kati yao aliyeniambia huzuni inatetemesha mtu juani. Hakuna aliyesema huzuni inanuka. Na yule mama mzee, mwenye neno lake la babu na babu, siku ya nne alipopata homa kidogo tu juu ya msiba wake, waliita daktari kabla chai haijapoa.

Nikajua Bi Zuhura hakutuletea ugonjwa. Alileta neno zuri, na watu wakalifanya blanketi la kufunikia.

Niliporudi nilienda kwake moja kwa moja na mkoba wangu. Alikuwa amezeeka, macho yana mtoto wa jicho, ameketi sakafuni anachagua mchele kwa vidole. Nikamwambia mimi ni nani, nikapiga magoti kuomba radhi kwa mawe na kwa salamu zote nilizomnyima.

"Inuka, mwanangu. Ulikuwa mtoto. Mimi je, niliyekuwa mtu mzima?"

"Wewe ulidhani ni huzuni, bibi."

"Siku mbili za kwanza, naam. Siku ya sita nilimgeuza nimbadilishe kitambaa, nikaona kwa macho yangu. Nimezaa mara saba, najua harufu ya uzazi ulioharibika. Nikamwendea ami yako uani. Nikamwambia, Mwadime, nisamehe, nilikosea, hii si huzuni, hii ni homa ya uzazi, mpakie sasa hivi umpeleke hospitali."

"Akasemaje?"

"Akasema gari lina kabichi, zitaoza."

Mchele ulikuwa unaanguka kwenye sinia, punje, punje.

"Nikatafuta mkokoteni," akaendelea. "Yule kijana aliyekuwa akituuzia maji alikubali. Hospitali yenyewe mwendo wa saa moja, mwanangu, hata kwa kusukuma. Ami yako akauzuia mlangoni. Akasema mke wa kaka yake hawezi kupitishwa mjini kwa mkokoteni kama gunia la makaa, watu watamcheka. Akaniambia, 'Si wewe ndiye ulisema ni huzuni? Nyange amesema, mchungaji amesema. Leo umekuwa nani?' Nami nilikuwa mgeni kwenu, mwanamke, Mwislamu. Nikarudi ndani nikatia udi. Mungu anihukumu kwa udi ule."

Bi Zuhura tulimzika mwaka uliopita. Aliomba radhi kwa neno moja alilolisema kwa wema na akalirudisha siku nne baadaye. Alikufa akiomba radhi. Wengine wawili wako hai na hawajaomba.

Nyange, wewe uko Mwatate, umejenga, wajukuu zako wanakuita Daktari na kanisani unakaa kiti cha mbele. Ulivuta ukakata, hukutazama, na siku ya tatu ulisimama mlangoni na leso puani. Kwa nini leso, Nyange, kama ilikuwa huzuni? Ulijua. Pua yako ilijua.

Na wewe, baba mdogo Mwadime. Mwakio ataniletea jibu lako au utanipa mwenyewe, kwa sababu Jumamosi nitapanda Werugha. Sitaki ufe. Watu wanadhani nataka ufe, la, nataka uishi angalau mpaka umalize kusema. Nitaketi mbele yako kama wazee walivyotaka, lakini mdomo wangu hautaguswa na maji kabla wako haujafunguka. Sitaki kusikia kwamba ni zamani, wala kwamba ulikuwa kijana, wala kwamba Mungu alipenda. Siku tatu zilikuwa zimebaki, mgonjwa alikuwa anaongea, mkokoteni ulikuwa mlangoni, na wewe ulikuwa umesimama katikati ya huo mlango. Waite watoto wako wote wakusikie, na usilitumie lile neno. Mama yangu aliuawa na nini, baba mdogo, na aliyeuzuia mlango ni nani? Sema.